Maneno Manne ya Kiingereza

Mai Mahiu,
11 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Chesang,

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Namalwa Wasike. Nilikuwa darasa lako Kidato cha Tatu mwaka wa 2006, ile shule yetu ya wasichana pale Nakuru. Baba alikuwa mtu wa reli na tulikaa kwa nyumba za reli. Nimekutumia ujumbe wa simu mara tatu hujajibu, mpaka Jamleck, huyu dereva wa lori la viazi kutoka Dundori, akaniambia masikio yako yamechoka na simu huishiki kabisa. Akasema nikuandike barua ataileta mwenyewe. Yeye hula kwangu kila Jumanne na Ijumaa. Nina kibanda cha chapati na maharagwe hapa malori yanaposimama, mwaka wa tisa sasa.

Mwalimu, niko na shida na ni wewe tu unaweza kuitatua. Kuna kliniki ya kanisa hapa karibu inatafuta mtu wa stoo ya dawa. Kazi ni kupokea dawa, kuziandika, kuzipanga na kushika funguo. Nilifanya mtihani wa Kidato cha Nne nikiwa mtu mzima, nikaanguka, nikarudia, mara ya pili nikapata C. Mwaka jana nikamaliza kozi ya kutunza stoo. Kwa hivyo niliomba, nikaitwa.

Aliyenihoji ni Daktari Adongo, mama aliyesomea Uingereza. Maswali yote nilijibu. Hata alicheka nilipomweleza ninavyojua unga umepungua kwa kuugonga mfuko tu. Halafu akafungua faili akaona kile cheti cha kuacha shule. Akasoma pale chini, uso ukabadilika.

"Nani aliandika hii?"

"Mwalimu wangu wa Kiingereza, Daktari. Alikuwa pia naibu wa mwalimu mkuu."

"Ulifanya nini huko shuleni?"

"Sikufanya kitu."

Akafunga faili. Siku ya pili karani akaniambia kwamba kwa sasa hawawezi kunikabidhi funguo.

Mwalimu, uliandika hivi: Namalwa sticks at nothing. Maana yake naijua. Stick ni kukwama, nothing ni hakuna kitu. Hakuna kitu kinachoweza kumkwamisha Namalwa. Hayo maneno nimetembea nayo miaka kumi na tisa. Niliyapeleka kwa watu wa fotokopi wakayafunika na plastiki. Nilipoanguka mtihani nilikaa chini nikayasoma. Walipobomoa kibanda changu cha kwanza ili barabara ipanuliwe, niliyasoma tena, kesho yake nikaenda kutafuta mabati. Sijawahi kukushukuru, na leo nakushukuru.

Ombi langu ni barua fupi tu kwa Daktari Adongo, umweleze kwamba ulikuwa unanisifu. Watachagua mtu mwisho wa mwezi wa tisa.

Mwanafunzi wako,
Namalwa Wasike


Dundori,
19 Agosti 2025

Namalwa,

Nimepata barua yako. Nakukumbuka vizuri. Mimi sijambo, isipokuwa masikio. Ng'ombe wawili na shamba dogo la viazi vinanitosha.

Kabla ya yote: si "nikuandike barua", ni "nikuandikie". Si "niko na shida", ni "nina shida". Kiswahili nacho ni lugha, hakihitaji kuburutwa.

Sasa Kiingereza. Kitenzi "stick" kinapofuatana na "at" hakihusiani na kukwama hata kidogo. To stick at something ni kuendelea na jambo bila kuliacha, hata likiwa gumu au linachosha. She stuck at her studies: aling'ang'ania masomo yake. Kitenzi hiki nilikifundisha Kidato cha Pili kila mwaka, na wewe ulikuwepo. Ni kitenzi cha heshima. Kama daktari wako ameona ubaya ndani yake, amesoma kwa haraka.

Siwezi kumwandikia mtu nisiyemjua kuhusu karatasi ambayo si mali yangu tena. Cheti ni cha shule. Nenda kwa mwalimu mkuu wa sasa, Bwana Maxwel Sitati, umwombe nakala mpya au barua ya maelezo. Wakikuzungusha, usikate tamaa. Stick at it.

T. Chesang


Mai Mahiu,
1 Septemba 2025

Kwa Mwalimu Chesang,

Nimeenda Nakuru mara mbili. Mara ya kwanza mwalimu mkuu alikuwa mkutanoni, karani akasema nirudi Alhamisi. Alhamisi nikafika mapema, nikakaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri. Bwana Sitati akanisikiliza akiwa amesimama.

"Mama, cheti hutolewa mara moja. Aliyeandika maneno hayo ndiye anayeweza kuyaeleza."

"Aliyeyaandika ndiye amenituma kwako."

"Basi sasa mko wawili mnaonisumbua," akasema, akaingia ofisini.

Nilifunga kibanda siku mbili nzima kwa ajili ya jibu hilo.

Lakini siandiki kwa sababu ya Bwana Sitati. Jana nikiwa nachemsha maharagwe niliisoma barua yako tena, kwa utaratibu, kama ulivyotufundisha kusoma. Umesema to stick at ni kung'ang'ania. Sawa. Nothing ni hakuna. Nikachukua mfuko wa unga uliokwisha, nikaandika juu yake: Namalwa hang'ang'anii chochote.

Nilikaa nikaitazama hiyo sentensi mpaka dereva mmoja akapiga kelele, "Mathe, kuna moshi!" Sufuria nzima ilikuwa imeungua.

Niambie nimekosea. Wewe ndiwe mwalimu, mimi ni muuza chapati, inawezekana nimekosea. Uliandika barua ya ukurasa mzima kuhusu kitenzi lakini hukusema neno kuhusu sentensi. Nauliza swali moja: siku ile uliposhika kalamu, ulimaanisha nini?

Namalwa


Dundori,
9 Septemba 2025

Namalwa,

Umeuliza, nami sitakuzungusha tena.

Ndiyo. Nilimaanisha kwamba wewe si mtu wa kushikilia jambo mpaka mwisho. Mwalimu mkuu wa wakati ule aliniachia mimi niandike maoni kwenye vyeti, yeye akatia sahihi tu. Kwa hivyo maneno ni yangu.

Lakini na wewe ukumbuke. Ulijiunga na mpira wa wavu, ukaacha. Nilikupa nafasi kubwa kwenye mchezo wetu wa kuigiza, nikakaa nawe kila jioni nikikufundisha kutamka. Wiki mbili kabla ya mashindano ukatoweka. Nikamweka msichana mwingine, akasahau maneno jukwaani, tukarudi nyumbani mikono mitupu. Ukaonekana tena, ukatoweka tena, na tena. Mwishowe ukaja na baba yako kuchukua cheti, ukasimama mbele ya meza yangu ukitazama sakafu.

Nilikuwa nimewaambia walimu wenzangu kwamba huyu ndiye atakayekuja kuchukua darasa langu. Walikuwa wakinicheka. Niliandika nikiwa na hasira, na nilipotulia sikuandika upya. Hilo ni kosa, nakubali. Ila usiniulize kwa nini sikujua yaliyokuwa nyumbani kwenu. Hukuniambia kamwe.

Jambo moja linanisumbua. Mtu asiyemaliza anachoanza ni mvivu, au ni kigeugeu. Lakini kwa ulivyoeleza uso wa daktari, hakuwa anamtazama mvivu. Sielewi aliona nini.

T. Chesang


Mai Mahiu,
17 Septemba 2025

Mwalimu,

Nimekaa na barua yako siku tano kwa sababu siku ya kwanza ningekuandikia maneno ambayo Jamleck angeona aibu kuyabeba.

Unasema sikukuambia kamwe.

Mama alipooza upande wa kushoto Februari ile. Baba alikuwa safarini na treni ya mizigo siku nne kila wiki, na akikosa kazini anapoteza kazi na ile nyumba. Mimi ndiye mkubwa. Nilimwosha mama, nilimgeuza kitandani ili mgongo usichubuke, nilimlisha uji na kijiko. Mpira wa wavu ulikuwa saa kumi. Uji wa mama ulikuwa saa kumi.

Na nilikuambia. Nilikuandikia barua, kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili kilikuwa marufuku kuingia ofisini kwako. Ukurasa mmoja. Nilisema mama yangu hawezi kusimama na naomba ruhusa ya wiki mbili. Niliiweka mezani kwako asubuhi, kesho yake ukanirudishia mbele ya darasa. Ilikuwa na wino mwekundu kila mahali. Makosa kumi na moja. Chini uliandika Rewrite, yaani andika upya. Hukuandika pole. Hukuandika ndiyo wala hapana. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikadhani labda mtu anayekosea Kiingereza hivyo hastahili ruhusa. Sikuandika tena. Nilikaa tu nyumbani.

Mama alikufa wiki tatu baada ya mimi kuchukua cheti.

Mwezi uliopita nikakuandikia tena, mwanamke mzima, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kunisahihisha.

Sasa sikiza la daktari, kwa sababu unasema huelewi aliona nini. Juzi nilienda kliniki nikasimama kwenye lango mpaka akatoka. Nikamwambia sikuja kuomba kazi, nimekuja kuuliza maana. Nikamwonyesha.

"Sticks at nothing," akasema, "ni mtu ambaye hasiti mbele ya chochote ili apate anachotaka. Kudanganya, kuiba, hata kumuumiza mwingine. Ukisema hivyo kuhusu mtu, umemmaliza."

"Mwalimu wangu anasema alimaanisha siwezi kung'ang'ania jambo."

Akanirudishia cheti. "Basi mwalimu wako hakujua alichoandika."

Alisema angependa kuniamini, lakini dawa zimewahi kupotea pale na wakubwa wa kliniki wanataka karatasi, hawataki hadithi ya langoni. Akaniuliza kama kuna sehemu nyingine niliwahi kuomba kazi nikakataliwa bila sababu. Nikaanza kuhesabu. Lile duka la dawa Naivasha. Ile ghala ya mbolea. Ile shule ya chekechea ambapo mama mwenye shule aliniambia hawezi kuniacha na watoto, nikadhani ni kwa sababu ya kabila.

Kwa hivyo umenitukana mara mbili, Mwalimu. Tusi moja ulilikusudia na lingine hukulijua. Na lile jambo zuri nililosoma mimi, lililonilea miaka kumi na tisa, halikuwepo. Hakuna mtu aliyewahi kuliandika.

Namalwa


Mai Mahiu,
30 Septemba 2025

Mwalimu,

Jamleck anasema barua aliiweka mkononi mwako na hukumpa jibu, si Ijumaa, si Jumanne. Sawa.

Nakujulisha tu kwamba leo wamemchukua mtu wa stoo. Anaitwa Abby, ana diploma. Ni mtu mzuri. Amekuja kula kwangu mchana na funguo zikiwa shingoni, akaniambia chapati zangu ni laini. Nimemwongezea supu.

Namalwa


Dundori,
20 Oktoba 2025

Namalwa,

Barua yako ya Septemba ilipofika nilifanya jambo la aibu. Niliamua kwamba daktari amekosea. Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Nani angeniambia mimi? Kamusi ya marehemu mume wangu iko sebuleni, hatua sita kutoka kitandani kwangu. Nilizimaliza hatua hizo kwa wiki mbili na nusu.

Nilipoifungua, ilikuwa kama alivyosema. Stick at peke yake ni kuendelea na kazi. Sticks at nothing ni mtu wa hatari. Maneno yaleyale, na neno moja tu linageuza yote. Nilikuwa nikiliandika na sikuwahi kulitafuta, kwa sababu nilidhani nalijua. Ile maana yako niliitafuta pia, ukurasa kwa ukurasa. Haimo.

Nilikumbuka ile barua ya wino mwekundu baada ya kusoma ya kwako. Nitakuambia ukweli: nakumbuka makosa. Uliandika "my mother she cannot to stand". Nakumbuka kwamba nilipanga kuyaeleza darasani, kwa sababu wengi waliyakosea. Mama yako simkumbuki. Nilisoma ukurasa mzima na sikumwona mama yako ndani yake. Pole sana, Namalwa. Pole kwa mama yako, na pole kwa kuwa imechukua miaka hii yote neno hili kutoka kwangu.

Jumatatu iliyopita nilienda shuleni. Karani akaniambia kitu, nadhani alisema nirudi kesho, nikamwonyesha masikio na kuketi. Bwana Sitati alipita mbele yangu mara sita siku hiyo. Jumanne nikarudi na chupa yangu ya chai. Jumatano akatoka na karatasi, ameandika kwa herufi kubwa: MAMA UNATAKA NINI? Nikamwandikia chini yake. Tukaandikiana hivyo karibu saa nzima, karatasi nne. Mwishowe akaita daftari la vyeti vya zamani na akakubali kutoa barua yenye muhuri wa shule, kwamba maneno yale yaliandikwa kimakosa na mwalimu asiyejua maana yake, na kwamba mwanafunzi huyu alikuwa mwaminifu na alikatiza masomo kumuuguza mzazi. Nilimtaka aweke jina langu kamili. Aliona haya, nikamshika mkono akaliandika.

Lakini lile daftari, Namalwa. Hukuwa peke yako. Niliandika maneno yaleyale kwa wasichana wengine wanne. Mmoja amefariki. Wawili hakuna anayejua waliko. Wa nne, Cheptanui, wanasema yuko Kihoto, Naivasha. Nilimtumia barua kupitia kanisa lao. Imerudi bila kufunguliwa.

Barua yako ya shule niliipeleka kliniki kwa mkono wangu Ijumaa. Daktari aliisoma, akaniandikia kwamba nafasi imekwisha kuchukuliwa. Hilo nilikuwa nalijua kutoka kwako.

Nakala yako nimeifunga humu. Nilipita mbele ya kibanda chako nikienda na nikirudi. Nilikuona ukigeuza chapati na kuongea na madereva. Nilimwambia mwenye gari asisimame.

Tabitha Chesang


Mai Mahiu,
3 Novemba 2025

Mwalimu,

Barua ya shule nimeipata. Nimeisoma mara moja nikaiweka ndani ya Biblia. Daktari Adongo amenipigia simu. Anasema ameiweka kwenye faili langu, na siku nafasi ikitokea hatatafuta mbali. Nafasi itatokea lini, hajui. Nimemwambia asante, halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikapiga teke ndoo ya maji ikapasuka. Hata kupewa haki kunachosha namna hii. Natafuta ndoo nyingine sasa.

Unaomba nikusamehe, ingawa hujaliandika neno lenyewe. Sijafika hapo. Kuna asubuhi naamka nikidhani nimefika, halafu nakumbuka yule mama wa chekechea alivyowavuta watoto nyuma yake nikiwa nimesimama mlangoni, na narudi mwanzo. Sitakudanganya.

Lakini lililonikasirisha zaidi kwenye barua yako si la zamani. Ni kwamba ulipita ukaniona na hukushuka. Ulikaa siku tatu kwa benchi la Bwana Sitati, mtu ambaye hata hakukujua, na mimi ukanipita kwa gari. Ungeshuka. Ningekufokea, kwa sauti ambayo hata masikio yako yangesikia, na madereva wangepata cha kusimulia mpaka Malaba. Halafu ningekupa chai. Sasa nimebaki na kelele yangu yote ndani na hakuna mtu wa kumpa.

Kuhusu Cheptanui. Jamleck ameuliza watu. Bado yuko Kihoto, ingawa ziwa limeingia ndani ya nyumba nyingi na majirani zake wengi wamehama. Amekataa kuhama. Anauza nguo kuukuu kwenye turubai, pale maji yalipoishia. Wanasema alitaka kuwa polisi, akafika mpaka kwa meza ya mwisho siku ya kuandikishwa, wakafungua karatasi zake wakamrudisha. Hajui kwa nini mpaka leo. Barua haifungui kwa sababu barua zote zinazomfikia ni za kumwambia aondoke.

Kwa hivyo barua hazitoshi tena. Jumamosi hii, tarehe nane, Jamleck atakuchukua asubuhi na mzigo wa Naivasha, na mimi nitawangojea mjini pale anaposhusha viazi. Tutaenda kwake pamoja. Utamwambia kwa mdomo wako, kwa Kiswahili, uliandika nini na ulidhani inamaanisha nini. Akijibu nitakuandikia majibu yake kwenye daftari, yote, hata matusi. Hutaacha bahasha na kuondoka. Hutaniachia mimi nimweleze.

Akitufukuza tutaondoka. Jumamosi itakayofuata tutarudi.

Vaa gambuti. Wanasema pale kwake maji yanafika magotini.

Namalwa